Makoo Matatu

Karatasi ya kampuni ilifika na meli tatu:
Gouden Reiger, Schemerzee, Zuiderduin.
Kazi: kufua mashuka na kupiga pasi.
Sharti la nne: mwombaji aweze kuyatamka majina haya
mbele ya abiria, bila kusitasita.

Nikateremsha pazia, nikaanza na g.
Sauti ya kwenye simu, mwanaume wa Amsterdam,
aliikwaruza kama anayekomba ukoko wa bugali:
Khhauda.
N ya mwisho akaimeza, ikapotea
kama umeme wa Bukavu saa moja jioni.
Nje ya pazia dada zangu wakasema,
Cirhuza amekwamwa na mwiba.
Mwiba gani, na jana tulikula sambaza?

Nikapanda Kadutu kwa bibi Nabintu,
aliyemenya viazi miaka kumi na mmoja
jikoni kwa masista Waflama, watu wa pwani yao.
Kwanza akanipa maana: Reiger ni korongo.
Korongo gani, bibi? Mteremkoni kwetu
korongo ni lile lililokula jiko la Zihalirwa
mvua za mwezi wa nne.
Ndege, mpumbavu wewe. Wa dhahabu.
Akafungua mdomo, hakukwaruza kitu.
Houden Reiher.
G imekuwa pumzi tu, ya mtu anayepoza uji.
Skemerzee. Zuderdune.
Ningeweza kumpa mtoto jina hilo:
Zuderdune, njoo ule.

Kisha akacheka peke yake, mkono kifuani.
Kwa koo lile, alisema, neno "jema" linatoka "kofia".
Mama mkuu, aliyezaliwa mbali na bahari,
alimzuia sista Godelieve kusoma Mwanzo kwa sauti,
maana kila siku ya uumbaji ilipoisha
Mungu aliona ya kuwa ni kofia.

Bandarini nikamkuta Sjef wa Limburg,
kiwiko ndani ya injini ya boti ya Goma.
Yeye aliliimba jina, likapanda likashuka.
G yake laini, ile gh ya watangazaji wa redio,
ghali, ghorofa,
ambayo sisi huigonga tu: gali, gorofa.
Usiende nayo Groningen, akanionya, watakucheka.
Kule n wanaibakiza, e ndiyo wanaimeza: Khaud'n.
Basi aliye sahihi ni nani?
Akajifuta grisi. Anayelipa.

Sikulala. Nilikumbuka Kigoma,
nilivyosema batu, nikasema pesa iko,
na muuza vitenge akamwita jirani yake
aje asikilize.
Nililipa bei ya mgeni
kwa lugha niliyonyonya nayo.

Siku ya mahojiano mtandao ulinihurumia.
Mama mwenye miwani ya njano. Makoo yangu matatu
nimeyapanga kama sahani.
Hakuuliza meli hata moja.
Akainama kwenye karatasi, akaanza:
Sirrr. Sirr-huuza?
R akiisugua mpaka itoe cheche.

Hii rh tuliandikiwa na mapadri, nikamwambia,
walisikia kitu, wakakosa herufi.
Si r. Si h. Chukua t,
ipulizie kama uji wa moto. Na c ni ch.
Chi-suza.
Hapana.
Chi-ruza.
Tena, nikasema, na sauti ilikuwa ya bibi Nabintu.
Akavua miwani. Akapuliza.
Kioo cha kompyuta yake kikaingia ukungu.

Mwezi wa pili huu, jibu halijaja.
Mashuka nayafua hapahapa, ya hoteli ya Muhumba,
nayakung'uta juani moja moja.
Likiwa limekauka linasema g ya Amsterdam.
Likiwa bado na maji, ya masista.